Chupa hii ni ya nani? Swali la kuuliza kabla ya kuamini majibu ya maabara

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

Dada yangu aliishia darasa la saba, lakini ndiye aliyeliona kosa ambalo sisi wengine tuliokuwa tumelisubiri jibu kwa hamu tusingeliona.

Ilikuwa mwaka jana. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka sita, alianza kuvimba taya la kushoto. Nyumbani Kilwa Masoko tulidhani ni jino. Akasukutua maji ya chumvi, akapewa dawa ya maumivu, uvimbe ukazidi. Wiki mbili baadaye ulikuwa umepanda hadi chini ya jicho na meno mawili yalikuwa yanacheza. Wakaenda hospitali moja, ambayo sitaitaja. Mtoto akachukuliwa kinyama kwa ajili ya uchunguzi, wakaambiwa wasubiri siku kumi.

Majibu yalipotoka, mhudumu alitabasamu. "Mama, mshukuru Mungu. Hakuna saratani."

Shemeji yangu alishashika simu kutupa habari njema. Dada akaomba karatasi aisome mwenyewe. Jina la kwanza lilikuwa la mwanawe. La baba lilikuwa lake. La babu pia. Lakini penye umri paliandikwa miaka 36.

"Mwanangu ana miaka sita," dada alisema. "Huyu ni nani?"

Waliokulia pwani hii wanajua jinsi majina yetu yanavyojirudia. Saidi, Hamisi, Juma, Abdallah na Selemani huzunguka katika familia zetu, mjukuu anarithi jina la babu, na katika foleni moja ya hospitali unaweza kukuta watu wawili wenye majina matatu yanayofanana. Ndivyo ilivyokuwa. Karatasi ile ilikuwa ya mtu mzima aliyekuja na uvimbe wake mwingine. Majibu ya mtoto yalikuwa kwenye faili jingine, na yalisema ana limfoma ya Burkitt, saratani inayowapata zaidi watoto na inayokua kwa kasi kubwa.

Naandika habari za afya, na kwa miezi kadhaa jambo hili halikunitoka. Nilipolifuatilia nikakuta kwamba yaliyotokea dirishani siku ile yamewahi kutokea, kwa kiwango kikubwa mno, katika maabara kubwa za utafiti duniani. Na yanahusu moja kwa moja zile jumbe za "maabara imethibitisha" tunazotumiana kila siku.

Ujumbe wa shangazi

Katika siku kumi za kusubiri, simu ya dada haikutulia. Shangazi yetu alirusha ujumbe kwenye grupu la familia: majani ya mstafeli yamethibitishwa maabara kuua seli za saratani mara 10,000 kuliko dawa za hospitali. Kulikuwa na picha ya chupa za maabara, na chini yake maelekezo ya kuchemsha majani. Mtoto akaanza kunyweshwa chai hiyo asubuhi na jioni.

Shangazi hakuwa na nia mbaya. Anampenda mjukuu wake, na alipata kitu ambacho angeweza kukifanya akiwa mbali. Aliniuliza na mimi: "Wewe uliyesoma, hii si kweli?" Sikutaka kumjibu kwa mkato. Nikautafuta ujumbe ulikotoka.

Ile "mara 10,000" ina chanzo. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitoa kemikali kadhaa kutoka kwenye mbegu za stafeli. Mojawapo waliiweka kwenye seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuwa zikikuzwa maabara, wakailinganisha na dawa moja ya saratani. Ilikuwa na nguvu zaidi dhidi ya seli hizo. Basi. Zilikuwa mbegu, si majani. Ilikuwa kemikali moja iliyochujwa, si chai. Zilikuwa seli zilizo maabara, si mgonjwa kitandani.

Kuua seli ndani ya chupa si kazi ngumu. Sabuni ya kufulia inaziua. Jiki inaziua. Hata maji ya bahari ya hapa Kilwa yanaziua kwa chumvi yake. Kazi ngumu ni kuua seli za saratani zilizo ndani ya mtoto na kumwacha mtoto mzima.

Tena mstafeli una upande wake mwingine. Katika kisiwa cha Guadeloupe, kwenye Bahari ya Karibi, madaktari walichapisha mwaka 1999 taarifa ya wagonjwa wenye dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, wa kutetemeka na kukakamaa, wakihusisha dalili hizo na matumizi ya muda mrefu ya matunda na chai ya mimea ya jamii ya stafeli. Mtoto kula tunda siku moja moja si shida. Kumnywesha majani kila siku kama dawa ni jambo jingine.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kuhusu zile chupa zenyewe.

Mama mmoja, chupa duniani kote

Ili kujaribu dawa, watafiti hukuza seli za binadamu ndani ya vyombo vya plastiki au kioo, wakizilisha maji maalumu yenye virutubisho na kuzitunza kwenye joto kama la mwili. Seli zinazokubali kuendelea kuzaana bila mwisho hupewa jina na kugawiwa kwa maabara nyingine. Tuziite ukoo wa seli: mzazi mmoja, vizazi visivyokwisha. Mtafiti anayetaka kujaribu dawa ya saratani ya ini huagiza ukoo wa seli za ini. Wa saratani ya matiti huagiza za matiti.

Ukoo wa kwanza wa seli za binadamu kufanikiwa hivyo ulitoka kwa mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks. Alikuwa na umri wa miaka 31 na watoto watano alipofariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, tarehe 4 Oktoba 1951, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Miezi kadhaa kabla, kipande cha uvimbe wake kilipelekwa maabara ya mtafiti George Gey bila yeye kuombwa ridhaa. Seli hizo, zilizopewa jina HeLa, ziliongezeka maradufu kila baada ya siku moja hivi, na zinaongezeka mpaka leo. Zimesaidia mengi, ikiwemo kazi ya kutengeneza chanjo ya polio. Familia yake haikujua kwa zaidi ya miaka 20.

Baada ya HeLa, maabara nyingi zilitangaza kwamba nazo zimefanikiwa kukuza seli zao. Hizi za mdomo, hizi za ini, hizi za utumbo. Kila moja ikapewa jina na kibandiko.

Mwaka 1966, mtaalamu wa vinasaba Stanley Gartler alisimama mbele ya wenzake katika mkutano nchini Marekani na kuwaambia habari mbaya. Alikuwa amepima koo 18 za seli zilizosemekana kutoka kwa watu tofauti. Zote zilikuwa na aina moja ya kimeng'enya kiitwacho G6PD, aina ambayo kwa Marekani hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini baadhi ya seli hizo zilidaiwa kutoka kwa wazungu. Maelezo aliyoyaona yanafaa yalikuwa haya: seli za HeLa zilikuwa zimeingia kwenye chupa za wengine na kuzimaliza zilizokuwamo.

Kimeng'enya hicho kinatugusa na sisi wa pwani. Wapo watoto, hasa wa kiume, wanaozaliwa na upungufu wake. Chembe nyekundu zao za damu zinaweza kupasuka wakipewa baadhi ya dawa, au wakikaa karibu na naftalini, zile tembe nyeupe za kuwekea nguo kabatini. Kama mtoto wako aliwahi kuambiwa ana upungufu wa G6PD, mwambie kila mhudumu anayemwandikia dawa, na usihifadhi nguo zake kwa naftalini.

Gugu ndani ya ufuta

Inawezekanaje seli za mtu mmoja zikaingia kwenye chupa ya mwingine? Mkulima wa Lindi ataelewa haraka. Ukichanganya kwa bahati mbaya mbegu chache za gugu kwenye debe la ufuta, msimu wa kwanza huoni kitu. Ukivuna na kupanda tena bila kuchambua, gugu linaota mapema na kuzaa kuliko ufuta. Baada ya misimu michache shamba ni la gugu, na kibao barabarani bado kinasema "ufuta".

Ndani ya maabara, tone dogo kwenye mrija uliotumika mara mbili linatosha. Au maji ya virutubisho yaliyochotwa kwa chupa mbili tofauti. Au chupa mbili zilizofunguliwa pamoja mezani, au kibandiko kilichobandikwa kwa haraka mwisho wa siku. Seli zinazokua haraka huzizidi zile za taratibu, na kwa macho hata mtaalamu anaweza asione tofauti. Kuna pia bakteria wadogo sana waitwao mikoplasma, ambao hujificha ndani ya chupa bila kuyafanya maji yawe na ukungu, huku wakibadilisha tabia za seli.

Ukoo wa seli uitwao KB uliwekewa kibandiko cha saratani ya mdomo katika miaka ya 1950. Kwa miongo kadhaa KB ilitumika kupimia mimea mingi ya dawa iliyokusanywa sehemu mbalimbali za dunia, ili kuona upi unaua saratani. KB ni HeLa. Mmea uliosifiwa kwa kuua seli za saratani ya mdomo ulikuwa umeua seli za saratani ya mlango wa kizazi. Seli zilizoitwa Chang, zilizotumika kama seli za ini, ni HeLa. Zile za Intestine 407, zilizotumika kama seli za utumbo, ni HeLa. Na kosa si la HeLa peke yake. Seli ziitwazo MDA-MB-435 zilitumika miaka mingi katika utafiti wa saratani ya matiti, mpaka uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba zinafanana na seli za melanoma, saratani ya ngozi.

Leo ipo kamati ya kimataifa inayotunza orodha ya koo za seli zenye majina yasiyo sahihi au zilizochanganyika. Orodha hiyo imevuka koo 500. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walihesabu makala za kisayansi zilizotumia seli za aina hiyo, wakapata 32,755. Si kwamba zote ni za kutupwa, kwa kuwa yapo maswali ambayo jibu lake halibadiliki hata kama seli ni za mtu mwingine. Lakini anayesoma makala hizo hawezi kujua ipi ni ipi bila kukagua.

Dawa ya tatizo hili inajulikana, na haina makuu. Ni kupima vinasaba vya seli, kipimo kinachofanana na kile cha kutambua mtu katika kesi za mahakamani, na kulinganisha na kumbukumbu zilizopo. Majarida kadhaa ya kisayansi sasa hudai kipimo hicho kabla ya kuchapisha kazi, na tangu 2016 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zinamtaka anayeomba fedha aeleze atahakikishaje kwamba seli zake ni zile anazodai.

Kwa maneno mengine, wanatakiwa kufanya alichofanya dada yangu: kusoma karatasi na kuuliza, huyu ni nani?

Sampuli iliyokaribia kutupwa

Saratani aliyopata mpwa wangu ina historia yake hapa Afrika Mashariki, na historia hiyo inaonyesha faida ya kuangalia kabla ya kuamua.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwangalia mtoto mwenye uvimbe kwenye mataya. Baadaye akamwona mwingine Jinja, na wengine. Mwaka 1958 akachapisha makala ya kwanza. Mwaka 1961 akiwa na wenzake wawili alisafiri kwa gari kuukuu maelfu ya kilomita, akipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama wanawaona watoto wa namna hiyo. Ramani aliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, kule kule kwenye malaria nyingi. Mkia wa ukanda huo unashuka na pwani hii yetu hadi Msumbiji.

Mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na mtafiti kijana Anthony Epstein alikuwa ukumbini. Wakakubaliana Kampala itume vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa muda mrefu hakuna kilichoota.

Mwishoni mwa 1963, ndege iliyobeba sampuli ya mtoto kutoka Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipomfikia Epstein, maji yaliyoihifadhi yalikuwa na ukungu. Kwa mtu wa maabara hiyo ni dalili ya kawaida kwamba bakteria wameingia, na sampuli hutupwa. Epstein alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini. Hawakuwa bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe zikielea, zikiwa hai. Kutoka hapo ukaota ukoo wa seli alioweza kuukuza, na mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kirusi hicho huenea kwa mate, na karibu kila mtoto wa kwetu hukipata akiwa mdogo bila hata kuugua. Saratani humpata mtoto mmoja mmoja, na kuugua malaria mara kwa mara ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoacha chandarua.

Mwaka 1967 seli nyingine za saratani hii zilitoka kwa kijana wa miaka 16 nchini Kenya. Ziko maabara za dunia nzima mpaka sasa, na zimetumika kupimia dawa za saratani za damu. Jina lake kwenye chupa ni Daudi.

Ruangwa, 2022

Tusiende mbali. Julai 2022 watu wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka na kutokwa damu puani. Mitandaoni kila mtu aliupa ugonjwa huo jina lake, na hofu ya Ebola ikasambaa haraka kuliko habari yenyewe. Sampuli zilipelekwa maabara. Ebola, hapana. Marburg, hapana. Uviko-19, hapana. Aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni leptospirosisi, homa ya mgunda. Wakati huo wagonjwa walikuwa 20, na watatu walikuwa wamefariki.

Homa ya mgunda husababishwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na inatibika kwa antibayotiki. Jina sahihi lilipopatikana, wahudumu walijua dawa ya kutoa na wananchi walijua cha kuepuka. Maabara ikifanya kazi yake sawasawa, ndicho inachokupa.

Ndiyo maana sitaki mzazi yeyote afunge makala haya akisema "basi hospitali haziaminiki." Mpwa wangu aliponea maabara. Kosa lilikuwa la karatasi, na kilichoonyesha ugonjwa wake ni kinyama kile kile kilichopimwa na mtaalamu aliyejua kazi yake.

Na kama unajiuliza kuhusu chanjo: ndiyo, baadhi hutengenezwa kwa kutumia seli zilizokuzwa. Kirusi cha rubela, kilichomo katika chanjo ya surua na rubela wanayopewa watoto wetu, hukuzwa katika seli za binadamu. Lakini kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, seli za kutengenezea chanjo lazima zithibitishwe utambulisho wake na kupimwa kama zina vimelea kabla ya kutumika. Masharti hayo ni makali kuliko yale ya maabara za kawaida za utafiti. Mpeleke mtoto akachanjwe.

Mzazi afanye nini

Ujumbe wa "maabara imethibitisha" ukifika kwenye simu yako, uliza maswali matatu kabla ya kuurusha. Je, walipewa watu au ni seli za kwenye chupa tu? Je, ni kitu kile kile unachoambiwa unywe, au ni kemikali iliyotolewa humo? Je, kuna watafiti wengine waliorudia na kupata jibu hilo hilo? Majibu yakikosekana, huna dawa, una habari tu. Na hata ukiamua kutumia mitishamba, usiache tiba ya hospitali, na mwambie daktari unachompa mtoto.

Kwenye dirisha la maabara, taja majina yote matatu ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili, hata kama hujaulizwa. Chupa au kopo la sampuli likishaandikwa, omba ulione kabla halijaondoka mbele yako. Si ukorofi. Mhudumu mzuri atafurahi, kwa sababu kosa likitokea litamrudia yeye.

Majibu yakitoka, soma sehemu ya juu kabla ya kusoma sehemu ya chini. Jina, umri, jinsia, tarehe ya kuchukua sampuli, sehemu ya mwili ilikotoka. Kimoja kisipolingana, uliza hapo hapo. Kama hujui kusoma, mwombe mtu akusomee kwa sauti. Na kama majibu hayafanani na unachokiona kwa macho, mfano umeambiwa hakuna tatizo na uvimbe unaendelea kukua, rudi. Una haki ya kuomba kipimo kirudiwe.

Ukiombwa mtoto wako ashiriki utafiti, na mikoa ya Lindi na Mtwara imeshiriki tafiti kadhaa za afya ya watoto, uliza sampuli inachukuliwa kwa ajili gani, itatunzwa wapi, kwa muda gani, na kama itatoka nje ya nchi. Utafiti halali una kibali cha kamati ya maadili, na sampuli zinazovuka mpaka zinahitaji idhini. Karatasi ya ridhaa usiitie saini wala dole gumba kabla hujaelewa. Henrietta Lacks hakupewa nafasi hiyo. Wewe unayo.

Mwisho, lijue hili kuhusu limfoma ya Burkitt. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa. Dalili ni uvimbe wa taya au shavu, meno kulegea bila sababu, jicho kusukumwa nje, au tumbo kujaa kwa haraka. Inakua kwa siku, si kwa miezi. Haiambukizi na si uchawi. Ikiwahiwa, watoto wengi hupona kwa tibakemikali bila kukatwa popote. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ina huduma maalumu kwa saratani za watoto. Uvimbe wa taya usiopungua ndani ya wiki moja ya matibabu ya jino, usiusubiri.

Jina likiitwa

Mpwa wangu alimaliza dozi zake. Nywele zimeota, amerudi shule, na uvimbe umekwisha. Bado anarudi kliniki kuangaliwa.

Mwezi uliopita niliwasindikiza. Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa akina mama waliotoka safari ndefu. Muuguzi akafungua mlango akaita jina. Watoto wawili wakasimama: mpwa wangu, na kijana mwingine mrefu kidogo aliyekaa na bibi yake upande wa dirishani. Watu wakacheka. Bibi naye akacheka.

Dada hakucheka. Alishasimama, kadi mkononi, akitaja tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe kabla muuguzi hajauliza. Kisha akamgeukia yule bibi, akamwamkia, akamwambia: "Na wewe, bibi, taja ya kwako, waandike."